Salamu Kwanza, Maji Baadaye

Iko nchi moja ambayo jina lake tutaliacha palepale lilipo, kwa sababu kila inapotajwa hutoa tamko la kukanusha, na wachapaji wa matamko yake wamechoka. Inatosha kujua kwamba ni nchi yenye milima, mabonde, mvua nyingi na Wizara ya Maafa na Sherehe. Wageni huuliza kwa nini maafa na sherehe vimetiwa katika wizara moja. Jibu ni jepesi. Vyote viwili vinahitaji maturubai na viti vya plastiki, na serikali ile ni makini, haikuona sababu ya kununua viti mara mbili.

Katika wizara hiyo alifanya kazi mtu mmoja aitwaye Kasimu Ngwilizi. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, kitambi cha kiasi, na kucha ambazo rangi ya mafuta haikuwahi kutoka chini yake. Shule aliiacha darasa la sita, siku mwalimu wake alipomchapa kwa kosa la kumchora akafanana naye mno. Tangu hapo maisha yake yote yakawa ni kuchora mabango: ya vinyozi, ya maduka ya dawa, ya wauza nyama waliotaka ng'ombe anayecheka.

Serikali iliponunua bango la kidijitali la kutangazia dharura, ilitafuta mwendeshaji mwenye uzoefu wa miaka kumi katika mabango. Vijana wenye shahada walijitokeza wakiwa na shahada. Kasimu alijitokeza akiwa na mabango. Akapewa kazi, meza, kompyuta na kiti kimoja cha plastiki ambacho kilikuwa kinachukuliwa kila kukiwa na harusi ya mkubwa.

Bango lilinunuliwa kwa sababu ya mafuriko ya mwaka wa nyuma. Wakati ule gari la vipaza sauti lilitumwa Soko la Bondeni kuwaonya watu. Likakwama kwenye tope, na dereva akatumia vipaza sauti hivyohivyo kuomba watu waje kulisukuma. Watu ni wema, walikuja mia mbili. Maji yakawakuta wamejipanga nyuma ya gari. Uchunguzi ulifanyika kwa miezi minane, ukagundua kwamba kosa lilikuwa la gari.

Basi bango likasimikwa katikati ya Soko la Bondeni, juu ya nguzo mbili za chuma, pana kama ukuta wa nyumba. Maneno yalipita juu yake kutoka kulia kwenda kushoto kwa taa nyekundu, taratibu, kama siafu wanaohama. Kasimu alikaa ofisini, kwenye Jumba la Tahadhari lililokuwa katikati ya mteremko wa kilima, na kutoka dirishani aliliona soko lote, akalisoma bango lake mwenyewe, na chini yake kidogo akaona turubai la bluu. Chini ya turubai lile mkewe, Mwajabu, aliuza vyungu na majiko ya udongo.

Kwa hiyo Kasimu aliipenda kazi yake kuliko mtumishi yeyote wa umma. Wengine walikuwa wanawalinda wananchi. Yeye alikuwa anamlinda Mwajabu, na wananchi wakapata nafuu kwa kuwa karibu naye.

*

Siku ya uzinduzi viongozi walikuja wote. Waziri wa Maafa na Sherehe, Mheshimiwa Gaudensi Malundika, alihutubia kwa saa mbili kuhusu umuhimu wa kutoa taarifa kwa kifupi. Kisha akabonyeza kitufe. Kasimu alikuwa ameambiwa aweke mfano wa tangazo, akaweka yale ambayo kila mwenye akili timamu angeweka:

MAJI YANAKUJA. PANDENI JUU.

Hakuna aliyekimbia, maana wote walijua ni mfano. Lakini kule jukwaa kuu waheshimiwa walitazamana. Waziri akamwinamia Mkurugenzi wa Tahadhari, Bwana Sharifu Kindole.

"Kindole, hiki kitu kimeanza kuongea bila kusalimu?"

"Bado kipya, mheshimiwa," Mkurugenzi akanong'ona huku jasho likimtoka. "Hakijapata malezi."

"Yuko hapa Makamu. Wako majenerali. Yuko mama mkwe wa Mkuu wa Nchi, mtu mzima yule. Kinawaambia nini? Pandeni juu! Kinamwambia nani apande?"

Wiki iliyofuata ukatoka Waraka Namba Saba. Ulisema kwamba tangazo lolote la dharura ni hotuba ya serikali, na hotuba ya serikali haianzi bila kuwatambua viongozi kwa vyeo vyao, kuanzia juu kushuka chini. Orodha ililetwa na Afisa Itifaki, Bibi Perpetua, mwanamke mrefu aliyetembea kama vile kila mlango ni wa ikulu.

Kasimu aliisoma yote, akaigeuza, akakuta na nyuma imeandikwa.

"Bibi Perpetua, hawa ni watu sitini na mmoja."

"Sitini na mmoja, pamoja na wenza wao."

"Nimejaribu hapa. Mpaka wapite wote ni dakika thelathini na nane."

"Hongera kwa kuhesabu."

"Na kama nyumba ya mtu inaungua?"

"Nyumba inayoungua ina haki ya kujua inaungua chini ya uongozi wa nani."

Kasimu hakuwa mtu wa kuzunguka. Akakuna kichwa, akasema, "Mbona kwenye sherehe watu wanasema tu 'itifaki imezingatiwa', wakaendelea na maneno yao?"

Bibi Perpetua alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyejua ugonjwa wake.

"Anayesema hivyo, Fundi Kasimu, ni mtu mwenye cheo. Cheo kinamruhusu kufupisha. Sasa niambie, bango lako lina cheo gani?"

Kasimu akachungulia dirishani. Bango lilikuwa limesimama juani, halina hata nyota moja.

"Basi," akasema Bibi Perpetua, "lisalimu kama watu wengine."

*

Likasalimu. Mwezi wa pili kulitokea moto kwenye ghala la magodoro, nyuma ya soko. Bango likaanza kwa Mkuu wa Nchi, likashuka kwa Makamu, likapita kwa majaji, majenerali na Mwenyekiti wa Kamati ya Kuratibu Kamati. Lilipomfikia Naibu Kamishna wa Uvuvi, paa la ghala lilianguka. Lilipotamka neno MOTO, watu waligeuka huku na huku wakiutafuta, wasiuone, maana hakukuwa tena na kitu cha kuungua. Taarifa ya wizara ilisema kuwa mfumo mpya umefanikiwa: tangazo lilipotoka, moto ulikuwa tayari umedhibitiwa.

Mwezi wa tatu nyuki walivamia kituo cha polisi. Siku hiyo bango halikusema chochote, kwa sababu asubuhi ileile askofu na shehe walikuwa wanabishana nani atangulie kwenye orodha, na wakuu wa majeshi walikuwa wanabishana na wote wawili. Nyuki walikaa kituoni siku mbili, wakaondoka kwa hiari yao. Mahabusu watatu waliondoka nao.

Watu wa sokoni wao walizoea upesi. Binadamu akipewa kitu kisichomfaa, hukitafutia kazi. Bibi Chausiku, muuza wali, aliligeuza bango kuwa saa ya jikoni, kwa kuwa wizara ilikuwa inalijaribu kila siku saa tano kwa kupitisha salamu zote kisha kuandika HAKUNA DHARURA. "Akitajwa Jaji Mkuu nainjika sufuria," aliwaambia wateja. "Akifika Kamishna wa Magereza nageuza wali. Wakianza wazee wa chama, leteni sahani."

Kwa hiyo kila mtu aliujua mwendo wa bango, na kila mtu alijua kwamba neno la serikali linatanguliwa na majina. Hilo lilikaa vichwani mwao vizuri kuliko kitu chochote ambacho serikali ile iliwahi kufundisha.

*

Jumanne moja, saa nne kasoro ya asubuhi, simu ya ofisini ililia. Alikuwa Manongi, mlinzi wa bwawa kubwa lililo juu ya bonde.

"Kasimu, uko peke yako?"

"Niko na kompyuta. Kiti kimechukuliwa, kuna harusi."

"Sikiliza. Bwawa limejaa mpaka kwenye matundu ya popo, juu kabisa ya ukuta. Ukuta unatoa sauti. Nimefungua milango yote mitatu, nisingefungua ungepasuka. Maji yanashuka."

"Yatafika Bondeni baada ya muda gani?"

"Dakika ishirini na tano. Nusu saa yakichoka njiani. Tangaza, ndugu yangu."

Kasimu akatazama nje. Huku chini jua lilikuwa linawaka, mvua ilikuwa imenyesha milimani tu. Soko lilikuwa limejaa. Turubai la bluu lilikuwa pale pale. Thelathini na nane, akawaza, na ishirini na tano. Darasa la sita lilitosha kabisa kwa hesabu hiyo.

Akampigia Bibi Perpetua.

"Bibi, maji yanakuja Bondeni. Naomba kufuta salamu."

"Ruhusa ya kufuta salamu anayo Mkurugenzi."

"Yuko wapi?"

"Hotelini, kwenye semina ya kuongeza kasi ya kuokoa maisha. Wamezima simu ili wasisumbuliwe."

"Basi niyakimbize maneno, yapite mbiombio."

"Umkimbize Makamu wa Rais?" Bibi Perpetua alishtuka kwelikweli. "Kasimu, yule bwana ana goti bovu. Watu watasema unamdhihaki."

"Watu watakufa!"

"Mimi sikatai," akasema Bibi Perpetua kwa upole. "Ila watakufa kwa utaratibu au bila utaratibu? Hilo ndilo swali."

Kasimu akakata simu. Akafuta orodha yote, watu sitini na mmoja na wenza wao, akaandika kwa vidole viwili:

MAJI YANAKUJA. BWAWA LIMEFUNGULIWA. PANDENI JUU SASA HIVI.

Akabonyeza. Akasimama dirishani. Maneno mekundu yakapita juu ya soko, yakaisha, yakaanza tena. Vichwa viliinuka. Vichwa vikainama tena kwenye nyanya na mitumba. Mtu mmoja alinyoosha kidole, wenzake wakacheka.

Akampigia mkewe. Simu ililia mpaka karibu ikatike, maana Mwajabu alikuwa anaifunga kwenye pindo la kanga, na kulifungua fundo hilo kulihitaji nafasi.

"Unasemaje, baba Tatu? Nina mteja."

"Mwajabu, soma bango!"

"Nimelisoma. Watu wote wamelisoma. Wanasema wahuni wameliingilia."

"Wahuni gani? Ni mimi nimeandika!"

"Mbona halijasalimu?"

"Nini?"

"Halijasalimu, nakwambia. Serikali gani inaongea bila kumtaja Mkuu wa Nchi? Hapa Bibi Chausiku anasema hiyo ni kazi ya watoto wa chuo, wanataka tukimbie watuibie. Amekalia sanduku lake la pesa, hatoki."

"Mwajabu, mke wangu, maji yako njiani. Manongi kanipigia."

"Hata mwezi uliopita ulipiga, ukasema upepo unakuja. Nikafunga vyungu mia na ishirini kwenye majani ya migomba, nikakaa nikiungoja huo upepo kama anayemngoja mchumba. Ukaja? Mume wangu wewe muoga, hilo nililijua tangu posa."

"Safari hii ni kweli!"

"Sasa hata nikikuamini, nivibebe vyungu kwa meno? Na hawa wenzangu niwaambieje? Wananicheka hapa. Wanasema, mama vyungu, mumeo kalewa ofisini."

Sauti za watu zilisikika nyuma yake, za kweli kabisa, za watu wenye dakika kumi na tano. "Mwambie atupe salamu za mama mkwe!" mmoja alipaza sauti, wengine wakaangua kicheko.

"Mwajabu," Kasimu akasema, na sauti yake ikavunjika, "utaondoka kwa kitu gani? Niambie. Kitu gani kitakutoa hapo?"

Mwajabu akasikia ile sauti, naye akaacha masihara. Akajibu kwa ukweli wake wote.

"Kitu cha kututoa sisi hapa? Sijui, baba Tatu. Mafuriko yale ya gari hayakututoa. Kipindupindu hakikututoa. Mara ya mwisho nimeona soko hili linakimbia lote kwa pamoja, mpaka mimi nimebeba vyungu vinane kichwani na kimoja mdomoni, ni siku ile alipokuja mheshimiwa kupanda mti, mgambo wakaja kusafisha njia."

Kasimu alikuwa amekwisha rudi kwenye kompyuta. Aliandika haraka kuliko alivyowahi kuandika maishani, na kwa mara ya kwanza hakujali kama herufi zimepangika vizuri:

MHESHIMIWA WAZIRI ANAKUJA SOKONI SASA HIVI KUKAGUA USAFI. MGAMBO WAKO NJIANI. WANATOKEA UPANDE WA MTO.

Maneno yalikuwa hayajafika hata katikati ya bango soko lilipoinuka. Halikuinuka vipande vipande, liliinuka lote kama kitambaa cha meza kinachonyanyuliwa kwa pembe zake nne. Mitumba iliingia kwenye mashuka, mashuka yakaingia migongoni. Mwuza kuku alikimbia na tenga, kuku wakapiga kelele kana kwamba nao wamewahi kutozwa faini. Bibi Chausiku aliweka sufuria ya wali unaochemka juu ya kichwa chake, sanduku la pesa kwapani, akapanda kilima akiwapita vijana. Hakuna aliyeuliza salamu ziko wapi, kwa sababu katika nchi ile mgambo nao hawasalimu.

Mtu wa mwisho kutoka chini ya turubai la bluu alikuwa mwanamke mwenye vyungu tisa. Kasimu alimhesabu chungu kwa chungu mpaka alipovuka barabara ya lami na kuanza kupanda kilima.

Maji yakafika baada ya dakika sita. Yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba miti, mabati na ng'ombe mmoja aliyekuwa bado anashangaa. Yalibeba vibanda vyote. Bango pekee lilibaki limesimama, maji yamelifika kifuani, likiendelea kuyaambia mafuriko kwamba mgambo wako njiani. Kisha umeme ukakatika.

Kule kilimani watu elfu moja na zaidi walitazama mahali soko lilipokuwa. Mtu mmoja akasema polepole, "Kumbe huyu Waziri akija anakuja na maji?"

*

Kwa kuwa hakuna aliyekufa, ilibidi atafutwe wa kulaumiwa. Iliundwa kamati ya watu tisa, ikaketi kwenye viti vya plastiki vilivyotoka harusini, na Kasimu akasimamishwa mbele yake. Mwenyekiti alikuwa Mkurugenzi Kindole, aliyekuwa bado amevaa beji ya semina.

"Ni kweli kwamba ulimtaja Waziri bila kuwataja kwanza walio juu yake?"

"Kweli."

"Na walio chini yake?"

"Sikuwataja."

"Kwa nini?"

"Muda haukutosha."

"Muda wa serikali," akasema mjumbe mmoja mzee, "unatosha siku zote. Sema mwenyewe ulikuwa na haraka."

"Nilikuwa na haraka," Kasimu akakubali. "Mke wangu alikuwa kule chini."

Wajumbe wakaandika: mgongano wa masilahi.

Kisha akaingia Waziri Malundika mwenyewe, uso umevimba kwa hasira. Hakukaa.

"Mimi nataka kuelezwa jambo moja tu. Mnawaambia wananchi kwamba maji yanakuja, wanacheka. Mnawaambia ninakuja mimi, wanakimbia na kuku zao! Mimi ni nani katika nchi hii? Mimi ni kitu gani?"

Wajumbe wakatazama viatu vyao. Kasimu alitaka kumjibu, lakini Mkurugenzi Kindole, ambaye hakukipata cheo chake kwa bahati, akawahi.

"Mheshimiwa, hawakukimbia. Walipisha."

"Walipisha?"

"Walikupisha. Walisikia unakuja, wakakuandalia nafasi. Soko zima, mheshimiwa, kwa dakika nne! Viongozi wangapi wanapishwa namna hiyo? Na katika kukupisha, wakaokoka. Kwa maneno mengine, umewaokoa wewe."

Uso wa Waziri ulianza kupungua.

"Tatizo ni moja," Mkurugenzi akaendelea. "Bango la serikali haliwezi kusema uongo. Likisema ulikuwa unakuja, basi ulikuwa unakuja. Tunarekebisha shajara yako ya Jumanne. Halafu inabidi kweli uende, uwaone uliowaokoa, wakushukuru. Alhamisi inakufaa?"

"Na huyu?" Waziri akamwonyesha Kasimu kwa kidevu.

"Huyu tukimfukuza, itaonekana aliandika uongo. Abaki. Aandike na hiyo ya Alhamisi."

Hivi ndivyo Kasimu alivyobaki kazini: kwa sharti la kuapa kuwa alichotunga kilikuwa kweli. Aliapa. Alikwisha kumpata Mwajabu, mengine yote aliona ni karatasi.

*

Walionusurika waliwekwa kwenye mahema katikati ya kilima, jirani na Jumba la Tahadhari. Juu yao kulikuwa na nyumba moja tu, nyeupe, yenye ukuta mrefu na majani mabichi yanayonyweshwa kwa mashine hata siku za mvua. Ilikuwa nyumba ya Waziri Malundika. Alikuwa ameijenga pale juu baada ya kusoma ripoti ya wizara yake kuhusu mafuriko.

Alhamisi asubuhi wingu zito lilikuwa limetanda milimani. Viti vilipangwa, zulia likatandikwa juu ya matope, na gari dogo lenye bango la kidijitali likaegeshwa mbele ya mahema, maana lile kubwa lilikuwa bado linakauka. Mashine ya maji ya kunywa ilikuwa haijafika, lakini mgambo walikuwa wamefika.

"Niweke salamu zote?" Kasimu akamuuliza Bibi Perpetua.

Bibi Perpetua akatazama saa yake. Msafara ulikuwa umekwisha ondoka mjini, na mvua ilikuwa inakaribia zulia.

"Andika tu kwamba anakuja," akasema. "Waziri mwenyewe ana cheo. Leo tunafupisha."

Kasimu akaandika: MHESHIMIWA WAZIRI ANAKUJA SASA HIVI.

Kambi nzima ikainua vichwa. Wakasoma bango. Wakatazama lile wingu. Wakatazama tena bango. Bibi Chausiku ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchukua sufuria.

"Jamani," Kasimu akapaza sauti, "safari hii ni kweli anakuja! Anakuja mwenyewe, na gari! Kaeni!"

Mwajabu akamshika mkono wa shati.

"Nyanyuka, baba Tatu."

"Mwajabu, nasema hakuna maji. Ni Waziri kweli."

"Hata Jumanne uliandika hivyohivyo, yakaja maji, na kwenye simu nilikuwa nimejifanya mjuaji. Sirudii. Tembea! Wewe ndiye uliyeniokoa, utashindwa kujiokoa mwenyewe?"

Alimvuta kwa nguvu za mtu aliyebeba udongo maisha yake yote. Na kwa kuwa chini kulikuwa bonde, hakukuwa na pa kwenda ila juu. Watu elfu moja wakapanda kilima na magodoro, watoto na kuku. Mgambo walisimama kidogo, wakaona hawajui kitu ambacho wananchi wanakijua, wakafuata nyuma mbio.

Kule juu, mlinzi wa nyumba nyeupe naye alikuwa amelisoma lile bango kutoka getini. Alikuwa mtumishi mwaminifu. Aliposoma kwamba Waziri anakuja sasa hivi, alifanya kile alichoajiriwa kufanya: akafungua geti lote, kushoto na kulia, akapiga saluti, na kwa kuwa saluti kwa sheria zake haishushwi mpaka mheshimiwa apite, akaendelea kuwapigia watu elfu moja waliokuwa wanapita.

Waziri Malundika alifika kambini, akateremka kwenye zulia, akakuta viti mia tatu vitupu na Bibi Perpetua.

"Wako wapi?"

"Wamekupisha, mheshimiwa," akasema Mkurugenzi Kindole, lakini safari hii sauti yake haikuwa na nguvu.

Ndipo simu ya Waziri ilipolia. Alikuwa mkewe, na waliosimama karibu walisikia kuku.

Alipanda kwa miguu, kwa kuwa njia ilikuwa imejaa magodoro yaliyoangushwa. Alipoingia getini, mlinzi akashusha mkono. Majani mabichi hayakuonekana tena. Kulikuwa na kanga zilizoanikwa kwenye maua, wazee wamelala kando ya gari la pili la Waziri, na watoto wanaoga kwenye mashine ya kunyweshea. Chini ya ngazi za baraza mwanamke mmoja alikuwa amekwisha simika jiko la udongo na kuinjika chungu, mumewe akipuliza moto bila kuinua macho.

"Ninyi!" Waziri akafoka, akihema. "Mnafanya nini nyumbani kwangu?"

Mwajabu akainuka, akafuta mikono kwenye kanga, akapiga goti kidogo kwa adabu. "Shikamoo, baba," akasema. "Tuliambiwa unakuja."